Anza na tangazo la kazi, kozi itafuata: mwongozo wa stadi za kidijitali kwa kijana anayetafuta ajira yenye staha

Kuna kijana ninayekutana naye mara kwa mara, kila safari kwa sura na jina jingine. Ndani ya simu ana vyeti vinne vya mtandaoni: masoko ya kidijitali, akili mnemba, usalama wa mitandao, na cha nne amekisahau. Mwombe akutumie faili kwa barua pepe, iwe PDF na iwe na jina linaloeleweka, hapo ndipo jasho linapomtoka. Si mjinga. Alipelekwa ghorofani bila kuonyeshwa ngazi.

Mwongozo huu unafuata ngazi. Kwa niliowaona mimi, waliopata kazi ya maana ni wale waliosoma kwanza matangazo ya kazi, kisha wakatafuta mafunzo ya kuziba pengo. Waliokusanya kozi kwanza wengi wao bado wanakusanya.

Hatua ya 1: Andika unachokiita kazi yenye staha

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilianzishwa mwaka 1919, na mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa za kazi viwandani: saa 8 kwa siku, 48 kwa wiki. Miaka 80 baadaye, mwaka 1999, mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Juan Somavia kutoka Chile, akaifanya "kazi yenye staha" kuwa lengo kuu la shirika. Maana yake kwa ufupi ni ujira wa haki, usalama kazini, hifadhi ya jamii ukiugua au ukizeeka, uhuru wa kusema na kujiunga na wenzako, na wanawake na wanaume kutendewa sawa.

Naanza na hili kwa sababu kompyuta peke yake haiipi kazi staha. Wapo watu wanaoketi mbele ya skrini siku nzima wakichuja video za ukatili ili sisi wengine tusizione, na wakitoka hapo usingizi hauwajii. Wapo wanaoweka alama kwenye maelfu ya picha za kufunzia akili mnemba kwa malipo ambayo, ukiyagawa kwa saa, yanatia aibu. Hizo nazo ni kazi za kidijitali.

Basi chukua karatasi uandike mambo matano: ujira ambao chini yake hutashuka, saa unazoweza kufanya kazi, mkataba wa maandishi, usalama wako (na kwa msichana anayetoka zamu usiku, namna ya kufika nyumbani ni sehemu ya usalama), na nafasi ya kujifunza kitu kipya ukiwa kazini. Iweke karatasi hiyo mahali utakapoiona. Utaihitaji siku utakayopigiwa simu, maana siku hiyo furaha huwa inasahaulisha mengi.

Hatua ya 2: Kusanya matangazo 20

Tafuta matangazo 20 ya kazi ambazo ungependa kuzifanya na ambazo mtu wa kiwango chako anaweza kuzikaribia. Usichague ya umeneja. Fungua lahajedwali, yaani programu ya majedwali yenye mistari na safu, iwe Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta. Weka safu hizi: jina la kazi, programu zilizotajwa, stadi zilizotajwa, uzoefu unaotakiwa, lugha, aina ya mkataba, na mwisho wa kutuma maombi.

Jaza tangazo kwa tangazo, kwa maneno yaleyale yaliyotumiwa na mwajiri. Ukimaliza, hesabu ni mara ngapi kila programu imejirudia. Kama unaijua fomula ya COUNTIF, inayohesabu neno limetokea mara ngapi, itumie. Kama huijui, hesabu kwa kidole kwanza, kisha ujifunze fomula hiyo leo leo, kwa sababu sasa unayo haja nayo. Jambo lililojifunzwa wakati linahitajika halitoki kichwani upesi.

Watu wengi hushangaa wakifika hapa. Walidhani ajira za kidijitali ni za kuandika msimbo tu. Kumbe tangazo la karani wa ghala linataka lahajedwali, la mpokea wageni linataka kalenda ya mtandaoni na barua pepe, la msaidizi wa mhasibu linataka programu ya hesabu, la fundi linataka awe anasoma michoro kwenye kishikwambi. Umoja wa Mawasiliano Duniani, ITU, huzigawa stadi hizi katika ngazi tatu: za msingi, za kati na za juu. ITU na ILO walipoanzisha mwaka 2017 kampeni ya stadi za kidijitali kwa ajira zenye staha, kwa lengo la kuwafikia vijana milioni 5 ifikapo 2030, hawakuishia kwenye ngazi ya juu ya waandishi wa programu. Walihesabu ngazi zote tatu.

Lahajedwali yako ya matangazo 20 ndiyo mtaala wako. Stadi zilizotajwa mara nyingi zaidi unazijifunza kwanza. Usiifute.

Hatua ya 3: Jipime kwenye misingi, bila kujionea huruma

Keti mbele ya kompyuta bila mtu wa kumwuliza, ujaribu haya. Andika barua ya ukurasa mmoja, uihifadhi kwa PDF. Iweke kwenye folda uliyoiunda wewe. Iambatishe kwenye barua pepe yenye kichwa cha habari kinachoeleweka, umtumie mtu mmoja na nakala kwa mwingine, na wa tatu apate nakala fiche (Bcc), ambayo wengine hawaioni. Halafu itafute faili hiyo kesho yake kwa kutumia sehemu ya kutafuta, siyo kwa kukumbuka uliiweka wapi. Ukikwama popote, umepata somo lako la kwanza, na hilo halihitaji kozi ya kulipia.

Majina ya faili yanadharauliwa sana. "Barua mpya final final 2" ni jina litakalokuaibisha mbele ya bosi. Anza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mfano 2025-03-14, kisha kitu chenyewe. Ukiziandika hivyo faili zitajipanga zenyewe kwa wakati, na mtu mwingine ataelewa bila kukuuliza.

Kuandika kwa vidole vyote nako kuna faida kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kibodi, herufi F na J zina vituta vidogo. Vidole vya shahada hukaa hapo, na vingine hupanga foleni kando yake. Dakika 15 kila siku zitakubadilisha ndani ya wiki chache. Siku za kwanza utaandika polepole kuliko ulivyozoea na utatamani kurudi kwenye vidole viwili. Usirudi.

Kuhusu simu: anza nayo kama ndiyo uliyo nayo. Unaweza kusoma, kuandika na hata kujaza lahajedwali, na simu nyingi za Android hukubali kuunganishwa na kibodi ya Bluetooth, jambo linalorahisisha mengi. Ila sitakudanganya. Kazi nyingi za ofisini hufanyika kwenye kompyuta, na mwajiri huona kwa dakika mbili kama mkono wako umeizoea au la. Tafuta kompyuta ya kutumia hata saa chache kwa wiki: maktaba, shule, kituo cha vijana, ofisi ya jamaa baada ya kazi. Fanya maandalizi kwa simu, kisha saa za kompyuta zitumie kwa mazoezi tu.

Msichana au mvulana asiyeona vizuri asiambiwe kwamba haya hayamhusu. Ipo NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini ya Windows, na wako watu wanaoishi kwa kazi za kompyuta kwa kuitumia.

Usalama usiuache hadi mwisho. Barua pepe ya kuombea kazi iwe na jina lako halisi, siyo lile la utani wa shuleni. Nywila yake iwe ndefu na isitumike kwingine kokote, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nywila uombwe uthibitisho mwingine, kama tarakimu zinazotumwa kwenye simu yako. Ukipoteza barua pepe hiyo katikati ya maombi ya kazi, umepoteza kila jibu lililokuwa njiani.

Hatua ya 4: Ijue lahajedwali kweli kweli

Ningekuwa na ruhusa ya kufundisha kitu kimoja tu, ningefundisha lahajedwali. Ndiyo inayotajwa mara nyingi kuliko nyingine kwenye matangazo ambayo wanafunzi wangu huniletea, na ndiyo wanayodai kuijua huku hawaijui. Kuchora mistari na kujaza majina hakutoshi.

Mnamo Oktoba 2020 huko Uingereza, karibu wagonjwa 16,000 wa korona hawakuonekana kwenye hesabu za kila siku. Hakuna mdukuzi aliyewaiba. Matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani wa XLS, ambao karatasi yake hubeba mistari 65,536 tu. Yaliyozidi yakaachwa nje kimyakimya. Muundo mpya, XLSX, hubeba mistari 1,048,576. Kwa siku kadhaa watu waliokaribiana na wagonjwa hao hawakutafutwa. Mtu mmoja anayejua tofauti ya miundo hiyo miwili, akiwa amekaa kwenye kiti kinachofaa, angelitambua tatizo mapema.

Jifunze kwa mpangilio huu. Kwanza kupanga na kuchuja data. Kisha fomula za kujumlisha na kutafuta wastani. Kisha alama ya dola kwenye fomula, ile inayozuia seli (kisanduku kimoja cha jedwali) isihame unaponakili kwenda chini. Wengi hukwama hapa kwa sababu hakuna aliyewaeleza kazi ya alama hiyo. Baada ya hapo IF ya kuweka sharti, COUNTIF ya kuhesabu kwa sharti na SUMIF ya kujumlisha kwa sharti. Halafu VLOOKUP au ndugu yake mpya XLOOKUP, za kuvuta taarifa kutoka jedwali moja kwenda jingine. Mwisho jedwali la muhtasari ambalo kwenye menyu huandikwa PivotTable. Ukilimudu hilo, kazi ya jioni nzima utaimaliza kwa dakika kumi, na wenzako ofisini watadhani ni mazingaombwe.

Halafu kuna mitego ambayo vitabu huipitia haraka. Namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri yake ukiiandika kwenye seli ya kawaida, kwa hiyo safu hiyo igeuze kuwa ya maandishi kabla ya kujaza. Namba iliyoingia kama maandishi huegemea kushoto mwa seli na haijumlishwi. Ukiona jumla imekuwa sifuri, tazama namba zimeegemea wapi. Jina lenye nafasi iliyojificha mwishoni halilingani na jina lilelile lisilo na nafasi, na dawa yake ni TRIM, fomula inayofuta nafasi za ziada. Tarehe 03/04 kwa mmoja ni Aprili 3 na kwa mwingine ni Machi 4, kutegemea mpangilio wa kompyuta. Na VLOOKUP isipomaliziwa na FALSE, itakuletea jibu la kukaribia na wala haitakuonya. Hiyo ya mwisho imewahi kuniharibia orodha nzima ya malipo, na nilikuwa tayari ninajiita mwalimu.

Mazoezi usiyatafute mbali. Andika matumizi yako ya miezi mitatu. Andika matokeo ya ligi unayoifuata, uache fomula zipange msimamo. Benki ya Dunia inatoa takwimu za nchi zote bure mtandaoni. Pakua jedwali la idadi ya watu au umeme, uulize swali moja, utafute jibu.

Hatua ya 5: Chagua njia moja, baada ya kuzionja kadhaa

Misingi ikishakaa, chagua njia ya kubobea kutokana na lahajedwali ya matangazo. Ionje kila njia kwa wiki moja kabla ya kuamua. Mtu anayefurahia kufungua kompyuta iliyokufa na kuifufua anafaa kwenye usaidizi wa kompyuta na mitandao, na Cisco Networking Academy, inayofundisha tangu 1997, ina masomo ya awali ya bure mtandaoni. Anayependa kutengeneza kurasa na programu ana freeCodeCamp, ya bure tangu 2014, na somo la CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard ambalo mihadhara na mazoezi yake yako wazi kwa yeyote. Anayependa maswali yenye namba atoke kwenye lahajedwali aende SQL, lugha ya kuvuta taarifa kutoka hifadhidata, kisha Python, lugha ya kuandika programu. Anayejua kuzungumza na watu wenye hasira bila kupandwa na hasira ana kipaji cha huduma kwa wateja, na hicho hakifundishwi kwa video. Na anayeandika vizuri ana uhariri, tafsiri, manukuu ya video na kurasa za kampuni.

Usichague kwa kusikia mshahara wa rafiki ya binamu yako.

Kama unaenda kulipia chuo au kituo cha mafunzo, uliza kabla ya kutoa fedha. Nani atafundisha, na yeye mwenyewe ameifanya kazi hiyo wapi? Kila mwanafunzi atakuwa na kompyuta yake au mtatazamana watatu kwenye moja? Nikimaliza nitakuwa nimetengeneza nini cha kuonyesha? Naweza kuzungumza na watu wawili waliomaliza mwaka jana? Kituo kizuri hakichukii maswali haya. Kinachoahidi kazi kwa uhakika asilimia mia kimbia, hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Chenye uhusiano na waajiri kitakuambia majina ya mahali ambapo wanafunzi hufanya mazoezi ya kazi, na hilo unaweza kulihakiki mwenyewe.

Na kuhusu kujifunza kwenyewe, ushauri wangu ni mmoja: funga video. Tazama mara moja, ifunge, kisha fanya ulichokiona bila kutazama tena. Ukishindwa, rudi sehemu uliyoshindwa tu. Kutazama mtu akifunga skrubu hakuufanyi mkono wako ujue skrubu. Saa moja ya hivyo kila siku inaishinda Jumamosi nzima ya kutazama. Tafuta na wenzako wawili, mkutane mara moja kwa wiki, kila mmoja awafundishe wengine kitu kimoja. Ukishindwa kukieleza kwa lugha yako ya nyumbani, bado hukijui.

Hatua ya 6: Tengeneza vitu vitatu vya kuonyesha

Cheti husema ulihudhuria. Mwajiri anataka kujua unaweza nini. Vitu vitatu vilivyokamilika vinatosha, na kimoja kizuri kinapita vyeti vitano.

Kisiwe cha kubuni tu. Mtafute mtu mwenye shida halisi: mfanyabiashara anayeandika mauzo kwenye daftari, kikundi cha akiba kisichojua nani anadaiwa, timu ya mpira isiyo na orodha ya wachezaji. Mtengenezee jedwali, ukurasa au mfumo mdogo, umfundishe kuutumia, kisha urudi baada ya wiki mbili uone kama bado anautumia. Asipoutumia, hapo ndipo elimu ilipo. Huenda ulimwekea safu kumi alipohitaji tatu.

Njia nyingine ni kuchangia kazi za umma. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, inapokea mchango wa yeyote. Wikipedia ya Kiswahili inahitaji makala na wahariri. Common Voice ya Mozilla inakusanya sauti za Kiswahili ili mashine zituelewe. Michango ya OpenStreetMap na Wikipedia hubaki na tarehe na jina lako la mtumiaji, kwa hiyo ni ushahidi usiohitaji muhuri. Waandishi wa programu waweke kazi zao GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo.

Kwa kila kitu andika ukurasa mmoja: shida ilikuwa nini, ulifanya nini, nini kilibadilika, na nini kilikushinda. Usiogope hiyo sehemu ya mwisho. Wasaili huipenda, kwa sababu mtu anayejua mipaka yake anaaminika. Jambo moja usilivunje: kamwe usionyeshe majina, namba za simu au hesabu halisi za watu uliowafanyia kazi. Zibadilishe zote kabla ya kumwonyesha mtu.

Hatua ya 7: Omba kazi kama mtu aliyesoma tangazo

Wasifu wa kijana usizidi ukurasa mmoja au mbili, na utumwe kwa PDF isipokuwa tangazo limesema vinginevyo. Uandike kwa mpangilio wa kawaida, bila masanduku na safu mbili za kupendeza, kwani waajiri wakubwa hupitisha maombi kwenye programu ya kuchuja na programu hizo zinaweza kuvuruga mapambo hayo. Tumia maneno ya tangazo lenyewe, pale tu yanapokuwa kweli kwako. Wakiandika "kuandaa ripoti za kila mwezi", usiandike "uchakataji wa takwimu".

"Najua Excel" ni sentensi tupu, kila mtu anaiandika. Andika: "Nilitengeneza jedwali la mauzo la duka lenye bidhaa 140, linaloonyesha bidhaa zinazokaribia kwisha." Mwajiri hatahitaji kukuuliza kama unajua Excel.

Akili mnemba nayo? Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, barua za maombi zimeanza kufanana kama mapacha: zote zina msisimko mkubwa, zote zinaheshimu dira ya kampuni. Itumie kama msaidizi. Iombe ikukosoe barua uliyoiandika wewe, ikuulize maswali ya usaili, ikueleze fomula usiyoielewa. Usiiache ikuandikie maisha yako, kwa kuwa ina tabia ya kuongeza uzoefu usio nao, na msaili atakuuliza kuhusu uzoefu huohuo ukiwa umekaa mbele yake. Wala usiipe namba ya kitambulisho chako au siri za mwajiri.

Usaili wa mtandaoni unahitaji mambo machache tu: mwanga utoke mbele yako na si nyuma, kamera iwe usawa wa macho, kipaza sauti kijaribiwe siku moja kabla, na namba ya simu ya kumpigia msaili endapo mtandao utakatika.

Ongeza kwenye lahajedwali yako karatasi ya pili: umeomba wapi, lini, ulituma wasifu upi, walijibu nini. Kama maombi 15 hayajakuletea usaili hata mmoja, tatizo liko kwenye wasifu au kwenye aina ya kazi unazolenga. Kama unaitwa kwenye usaili na huchukuliwi, tatizo liko kwenye usaili. Bila rekodi hutajua ni lipi, utabaki kulaumu bahati.

Hatua ya 8: Chuja kazi kabla kazi haijakuchuja

Toa ile karatasi ya Hatua ya 1.

Anza na matapeli, maana wanajua vijana wanatafuta kazi mtandaoni. Mkataba wa ILO namba 181 wa mwaka 1997, unaohusu mawakala binafsi wa ajira, unaweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka, na hata pale panaporuhusiwa hali za kipekee, ziwe chache na za wazi. Kwa hiyo "ada ya usajili", "ada ya fomu" na "ada ya mafunzo ya lazima kabla ya kuanza" ni kengele. Kengele nyingine ni kampuni kubwa inayoandika kwa barua pepe ya bure, usaili wa ujumbe mfupi tu bila kuona uso wa mtu, ombi la kutaja tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako, na "kazi" ya kupokea fedha kwenye akaunti yako kisha kuzipeleka kwa mwingine. Hiyo ya mwisho inaitwa utakatishaji fedha, na atakayekamatwa ni wewe.

Ipo hatari kubwa zaidi. Mwezi Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kuwa huenda watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wengine wapatao 100,000 nchini Kambodia wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi walivutwa kwa matangazo ya kazi, na wengi wao ni watu wenye elimu, wanaojua kompyuta na lugha zaidi ya moja. Yaani watu kama wewe ukimaliza mwongozo huu. Kazi ya ng'ambo yenye mshahara mnono kwa sifa ndogo, tiketi inayolipwa haraka na viza ya utalii badala ya ya kazi, ihakiki kwa ubalozi na kwa mamlaka ya kazi ya nchi yako kabla ya kupanda ndege. Pasipoti haikabidhiwi mwajiri aiweke.

Kwa kazi huria za kwenye majukwaa, piga hesabu ya saa. Tuseme mteja amelipa 120 kwa kazi iliyokuchukua saa 9, na jukwaa limekata 12. Umebaki na 108, na haraka haraka utasema ni 12 kwa saa. Lakini ulitumia saa 6 kutafuta kazi hiyo na saa 3 za marekebisho. Sasa ni saa 18, na ujira wako ni 6 kwa saa, kabla ya bando na umeme. Ulinganishe na kiwango ulichokiandika kwenye karatasi. Malipo yapitie jukwaani, makubaliano yaandikwe, idadi ya marekebisho itajwe kabla ya kuanza.

Kwa ajira ya kawaida, omba mkataba usome nyumbani. Tazama muda wa majaribio, saa, malipo ya muda wa ziada, likizo, michango ya hifadhi ya jamii, na muda wa taarifa ya kuacha kazi. Mwajiri anayekasirika kwa sababu umeomba siku moja ya kusoma mkataba amekujulisha tabia yake bila malipo.

Huenda utachukua kazi isiyotimiza mambo yote matano. Wengi wetu tulianza hivyo. Chukua, lakini jua ni yapi yanakosekana, na weka tarehe ya kuyadai au ya kuondoka.

Hatua ya 9: Ukishaingia

Miezi mitatu ya kwanza weka daftari la mambo uliyoulizwa ukashindwa kuyajibu. Ndiyo kozi yako ya jioni. Uliza programu wanazotumia kabla ya siku ya kuanza. Ukipata njia ya kufupisha kazi, mwonyeshe mwenzako kwanza, usimwonyeshe bosi ukimpita yeye.

Mwezi wa sita fungua tena ile lahajedwali. Tafuta matangazo mengine 20, safari hii ya kazi iliyo ngazi moja juu ya uliyo nayo, uyaingize kwenye karatasi mpya pembeni ya ile ya zamani, na uhesabu tena.